Wiki Ambazo King'ora Hakikulia

Mliniomba, wauguzi wenzangu, niwaandikie kuhusu kazi kabla sijasahau. Kuna niliyosahau tayari, hasa majina ya wakubwa waliokuja kufungua majengo na kula keki. Vyeo sitavitaja; mnavijua, na vile ambavyo sikuvipata mnavijua zaidi. Nitawaandikia kuhusu vidonge vya huzuni, maana katika chumba tulimovigawa nilikaa saa nyingi kuliko nilizokaa sebuleni kwangu, na kuhusu kosa moja nililolifanya nikiwa na hakika kabisa kwamba nimefanya jambo la akili. Wagonjwa nimewabadilisha majina. Mmoja wao nilimwomba ruhusa, akasema kama ni lazima abadilishwe basi apewe jina zuri, akalichagua mwenyewe. Nitamwita Perpetua.

Niliripoti kwenye kituo cha afya wakati bei ya sukari iko juu. Kwetu Iguhu tulikuwa na mahindi, migomba na mafahali wa kupigana. Huku, ukitoka Ekero ukiingia ndani, ilikuwa miwa kulia na miwa kushoto, na wengine walipanda mpaka nyuma ya choo. Trekta zilivuta matrela mchana kutwa. Watu walikuwa na baiskeli mpya, redio mpya na mabati yanayoumiza macho. Nilidhani hakuna mtu mahali kama hapo anayeweza kuhitaji dawa ya huzuni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilidhani mambo mengi.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya maziwa ya unga iliyotolewa maziwa ikabaki na panya. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Osundwa, muuguzi wa wagonjwa wa akili, mtu mrefu, mpole, ambaye koti lake jeupe lilikosa vifungo viwili tangu nilipomjua hadi alipostaafu. Siku ya kwanza alinikabidhi trei ya kuhesabia vidonge na kisu butu cha kuvisogezea, akaniambia nimhoji mgonjwa wa kwanza. Akaingia mama mmoja mnene, mnyamavu. Nikamuuliza kwa sauti yangu ya chuoni, "Mama, unameza dawa vizuri?"

"Ndiyo, Sista," akajibu.

Alipotoka, Bwana Osundwa alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Swali hilo lina jibu moja tu," akasema. "Nani atakaa mbele ya gauni jeupe aseme hapana? Uliza hivi: mara ya mwisho umemeza lini? Halafu nyamaza. Hata kimya kikikuuma, nyamaza." Akamwita yule mama arudi, akamuuliza hivyo, akanyamaza. Mama akatazama dari, akatazama viatu vyake, akasema, "Tangu matanga ya shemeji." Matanga ya shemeji yalikuwa wiki tatu nyuma.

Sitawafundisha famasia, mmesoma kuliko mimi. Ila jueni jinsi mambo yanavyokuwa nyumbani kwa mtu, si kitabuni. Dawa yetu enzi hizo ilikuwa amitriptilini, mara moja, usiku. Mgonjwa akisahau siku moja, mara nyingi hahisi kitu, na kinachomponza ni hicho hicho, kwamba hakuhisi kitu. Akikosa siku tatu, nne, mwili unashtuka: jasho, kichefuchefu, kichwa, usingizi wa vipande vipande wenye ndoto kali, na hasira ya kugombana na sufuria. Huo bado si ugonjwa kurudi. Ugonjwa wenyewe hurudi baadaye, taratibu, bila kubisha hodi, wakati kila mtu ameshasema amepona. Na anayegundua kwamba alisahau, akameza vidonge viwili au vitatu kufidia, huyo anajitafutia shida nyingine, maana vidonge vile si peremende. Aliyesahau asubiri wakati wake wa kawaida unaofuata, ameze kama kawaida. Aliyekosa siku nyingi arudi kituoni, asijianzishie mwenyewe. Hayo tuliyasema kila Jumatano, siku ya kliniki yetu, mpaka kuta zikayajua.

Shida yetu haikuwa wagonjwa wakaidi. Shida ilikuwa neno "usiku". Kwa bahasha za wasiosoma, Bwana Osundwa alichora jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja, mkata miwa, ambaye kila baada ya wiki mbili alikuja akitetemeka na kutokwa jasho, kisha anakaa sawa, kisha anarudi vile vile. Tulimpima malaria mpaka vidole vyake vikachoka kuchomwa. Mwishowe nikamuuliza swali la Bwana Osundwa, nikanyamaza.

"Nilimeza siku ile mwezi ulitoka," akasema.

"Na jana?"

"Jana mwezi ulikuwa wapi, Sista? Si kulikuwa giza?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Siku hiyo hiyo ililetwa habari ya dereva wa trekta, mgonjwa wetu, ambaye kwake usiku ulianza jua linapozama. Alimeza, akapanda trekta kumalizia mzigo, akasinzia, akalaza trela zima la miwa mtaroni. Hakuumia, ila watoto wa shule walishiba miwa wiki nzima. Nikamwambia Bwana Osundwa kwamba mwezi na jua havitufai tena, tutafute kitu kinachosema wakati ule ule kwa kila mtu, asomaye na asiyesoma.

Na kitu kilikuwepo, kinapiga kelele kila siku. King'ora cha kiwanda. Kililia asubuhi, kikalia mchana, kikalia saa mbili usiku kuwaita watu wa zamu, na kilisikika mpaka vijiji ambavyo havijawahi kuona saa ya ukutani. Watu walianza kupika kwacho, wakatoa watoto kitandani kwacho. Nikawaambia wagonjwa wote: king'ora cha usiku kikilia, meza. Kabla hakijalia, usimeze. Na kwa sababu ya yule dereva, nikaongeza kwa ukali, huku nimeinua kidole, "King'ora ndicho daktari wako. Kisipokuruhusu, usiguse."

Ilifaulu sana. Mzee wa mwezi alinyooka. Dereva alinyooka. Mahudhurio yalipanda, na kadi zikaanza kusomeka vizuri. Bwana Osundwa alinisifu mbele ya daktari wa Kakamega aliyetutembelea mara moja kwa mwezi, na mimi nilisimama pale nikiwa nimevimba kichwa kiasi kwamba kofia ilinibana. Baadaye mambo yalipoharibika, Bwana Osundwa aliniambia, "Andika makosa mawili. Mimi nilisifu."

Sasa Perpetua. Alikuwa na miaka kama yangu, ameolewa na Patrisi, fundi wa mitambo kiwandani ambaye pia alikuwa na ekari zake za miwa. Baada ya kujifungua mtoto wa nne aliacha kusema. Hakulia kwa sauti, hakupiga mtu, aliacha tu, kama redio iliyoisha betri. Alilala akitazama ukuta, mtoto akilia pembeni yake, naye anamsikia lakini mkono hauendi. Mama mkwe wake, Mama Anyesi, alimleta kwa baiskeli ya kusukumwa, amemfunga kwa leso asidondoke. Huyu Mama Anyesi alikuwa kipande cha mtu chenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Aliniambia, "Sista, huyu ndiye alikuwa anaanzishanga nyimbo kanisani. Mrudishe hivyo alikuwa."

Nikamweka Perpetua kwenye dawa. Kwa kuwa mgonjwa wa huzuni nzito hapaswi kukaa peke yake na mkebe wa vidonge, nilimkabidhi Mama Anyesi mkebe, nikampa na hotuba yangu yote, kidole juu. Alisikiliza bila kupepesa. Miezi miwili baadaye Perpetua aliingia kliniki kwa miguu yake, mtoto mgongoni, akanisalimu, "Mulembe, Sista," na mimi nikajibu huku nimeinama nikijifanya natafuta kadi, maana machozi yalinilengalenga.

Mwaka huo kiwanda kilifungwa kwa matengenezo. Kilifungwa kila mwaka, wenyeji walijua, mimi mgeni sikujua. Mashine zilizimwa, harufu ya molasi ikapungua, na king'ora kikanyamaza. Nitasema ukweli ulio wa aibu: nililala vizuri sana wiki zile. Nilimwambia hata jirani yangu jinsi kimya kile kilivyo kitamu.

Jumatano ya pili ya kimya, wagonjwa wetu watatu walikuja na jasho na kichefuchefu. Ilikuwa mvua, mbu wamejaa. Niliandika malaria, malaria, malaria, nikawapa klorokwini wakaenda. Swali la kwanza kabisa nililofundishwa sikuliuliza. Sikuliuliza kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimewapa king'ora, sasa niwaulize nini?

Ijumaa alikuja mama mmoja wa kwaya kupima presha, na wakati nafunga mkanda akaniambia kana kwamba ni habari ya soko, "Ule Perpetua wako anarudishwa kwao. Ameshikwa tena. Shemeji yake ameshatuma barua kwa ndugu zake wakuje wamchukue."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa boma, Sista. Wataenda wapi?"

Sikumaliza kupima presha ile. Nilichukua baiskeli ya kituo, ambayo ilikuwa na breki moja na kengele isiyolia, nikaingia katikati ya miwa. Njiani nilitunga maneno ya kumgombeza Perpetua kwa kuacha dawa. Mengi yalikuwa mazuri. Ni bahati kwamba sikuyatumia hata moja.

Bomani nilimkuta Makokha, kaka mkubwa wa Patrisi, ameketi kwenye kiti cha mbao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mkewe alikuwa ananyonyesha watoto wawili, wake na wa Perpetua. Patrisi mwenyewe alikuwa kiwandani. Matengenezo ndiyo msimu wa mafundi, waliondoka alfajiri wakarudi wamelala wakitembea. Nikaingia ndani kwanza. Perpetua alikuwa ametazama ukuta. Nilimshika mkono, ulikuwa na jasho baridi. Nikamwita mara mbili. Machozi yakamtoka bila uso kubadilika.

Nikatoka nje, nikamuuliza Mama Anyesi swali. Nililiuliza vizuri safari hii, si kwa sababu ya hekima, ila maneno yote niliyotunga njiani yalikuwa yameniisha. "Mama, mara ya mwisho amemeza lini?" Halafu nikanyamaza.

Mama Anyesi hakutazama dari wala viatu. Alinitazama usoni, kwa fahari. "Ngoja," akasema, akaingia ndani, akatoka na mkebe. Akaufungua mbele yangu na mbele ya Makokha, kama mtu anayeonyesha mayai ambayo hayakuvunjika hata moja. Nilikuwa nimewapa vidonge ishirini na nane, wiki moja kabla ya kimya. Vilibaki ishirini na moja.

"Hakuna mtu ameguza," akasema. "Hata yeye aliponiomba. Alinililia, 'Mama, nipe dawa yangu.' Nikamwambia hapana, Sista alikataza. King'ora kikilia ndio tunamezanga. Haijalia bado."

Siku kumi na sita tangu king'ora kinyamaze. Alikuwa amekaa mlangoni kila usiku kwa siku kumi na sita, mkebe mapajani, akisubiri ruhusa yangu.

Nimeshika mikono ya watu wakifa, nimekosea dripu, nimewahi kumwita marehemu kwa jina la ndugu yake aliye hai mbele ya familia yote. Sijawahi kujisikia vile nilivyojisikia mbele ya mkebe ule. Nilimcheka mzee wa mwezi, kisha nikawachorea wengine mwezi wangu. Nilikalia ndoo iliyofunikwa.

"Kosa si lake," nikawaambia. "Si la mama, si la dawa. Hakuna kitu kimemrudia chenyewe. Mimi ndiye niliwaambia msubiri king'ora, na sikufikiria kitanyamaza. Kosa ni langu mimi."

Makokha alinitazama juu hadi chini. Pengine hakuwahi kusikia mtu wa serikali akisema hivyo. Kisha akasema, "Sista, hata kama ni kosa lako, nyumba inakaa aje? Patrisi hayuko. Bibi yangu ako na watoto wawili kwa maziwa. Leo amepona, kesho ameanguka. Ndugu zake nimeita, siwezi kuwaambia nilikuwa nacheza."

"Nipe wiki sita."

"Tatu. Jumamosi ya tatu hao ndugu zake watakuwa hapa. Wakipata anaangalia ukuta, wataenda na yeye."

Mnaojua dawa ile mnajua maana ya wiki tatu. Ndiyo kwanza inaanza kushika. Na huwezi kumrudisha mtu aliyekaa siku kumi na sita bila dawa kwenye dozi yake kamili siku moja. Unaanza chini, unapanda. Kesho yake, Jumamosi, nilidandia gari la dawa mpaka Kakamega, nikamsubiri daktari wetu nje ya wodi, nikamweleza yote bila kujipaka mafuta. Alinitazama juu ya miwani, akaandika ngazi za kupanda, kisha akasema, "Na wengine?" Nilikuwa nimelia njia nzima kwa ajili ya Perpetua nikasahau kwamba wagonjwa wangu wote walikuwa wanasubiri king'ora.

Wiki iliyofuata, mimi na Bwana Osundwa tuligawana vijiji. Yeye alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na magoti yake yalilia kuliko ile baiskeli, lakini alikwenda. Tuliwakuta watu na mikebe imejaa. Kuna aliyekuwa ameanza kumeza kwa kukisia, na kuna aliyesema alikwenda mpaka lango la kiwanda kuuliza kama king'ora kinaugua. Wale watatu wa malaria niliwaomba radhi mmoja mmoja. Yule dereva wa trekta alinisikiliza, akasema, "Sista, hata mimi niliangusha trela," na tukawa sawa.

Lakini niwape nini badala ya king'ora? Jibu halikutoka kwangu wala kwenye kitabu. Nilipompelekea Mama Anyesi dozi mpya, nilianza kueleza habari za saa, na kwamba ningewatafutia saa ya mezani. Akanikata.

"Achana na saa. Itaisha betri, tukae tena tukiingojea. Mimi kila usiku, mtu wa mwisho kulala ni mimi. Nafukianga makaa kwa jivu ndio asubuhi tupate moto. Tangu niolewe sijawahi kuwacha. Hata nikiwa mgonjwa. Hata siku ya kumzika mzee. Hiyo moto ikifukiwa, ameze."

Nilimtazama. Nilisomea miaka mitatu na nusu na sikuwa nimefikiria kitu chenye akili kama hicho. Kuanzia hapo sikumpa tena mgonjwa wakati wangu. Nilimuuliza: ni kitu gani unafanya kila usiku, ambacho hujawahi kuruka hata siku moja? Kisha nikanyamaza. Muislamu mmoja wa Mumias akasema sala ya isha. Dereva akasema kuvua buti na kuziweka chini ya kitanda zisiibiwe. Mzee wa mwezi akafikiri sana, akasema kumgombeza mkewe. Nikamwambia tafuta kingine.

Siku saba za kwanza Perpetua alilala tu, lakini alilala, na jasho likakauka. Wiki ya pili nilimkuta ameketi. Alikuwa amepewa obusuma, ugali wetu, na mboga, akala vipande vitatu, akasema chumvi imezidi. Mke wa Makokha alikasirika. Mimi niliandika kwenye kadi kwa herufi kubwa. Mgonjwa wa huzuni akianza kulalamikia chakula, andikeni, hiyo ni habari njema kuliko presha.

Alhamisi ya wiki ya tatu nilirudi nikitarajia makubwa, nikamkuta analia. Alikuwa ameamka, ameoga, ameanza kumsuka binti yake mkubwa, kisha mikono ikasimama katikati. Nikakaa naye. Akaniambia, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia, "Sista, watoto wangu watasema mama yao alikuwa aje? Huyu mdogo hata hatanikumbuka." Nilishika upande wa pili wa kichwa cha mtoto nikaendelea kusuka, vibaya. Baada ya muda mrefu akausukuma mkono wangu, akafumua niliyoyasuka, akaanza upya.

Jumamosi nilikwenda mapema, nikiwa nimevaa gauni langu la kazi ingawa haikuwa siku ya kazi. Nilitaka ndugu zake wanione. Walikuwa wamefika tayari, wanaume wawili wakubwa, wamebeba begi tupu la nguo limekunjwa kwapani. Makokha aliwakalisha. Patrisi aliomba ruhusa kiwandani, alikuwa amesimama kando na grisi bado iko kwenye kucha. Nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa Perpetua.

Kitanda kilikuwa kitupu. Kimetandikwa.

Nilizunguka nyuma ya jiko, nikachungulia bafu la majani ya miwa, nikatazama njia ya mtoni. Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua nilichokuwa nafikiria, na sitakiandika. Mama Anyesi naye hakuwepo. Nilirudi mbele ya nyumba, na kabla sijasema neno nikasikia sauti ya Mama Anyesi ikitoka kwenye miwa, inamgombeza mtu kwa kutembea haraka.

Aliyekuwa anatembea haraka ni Perpetua. Alikuwa na debe la unga kichwani, ametoka kusaga, nyusi nyeupe kwa unga, mtoto mgongoni. Akafika, akatua debe bila kusaidiwa, akajipangusa uso. Akawaona ndugu zake. Akaliona begi.

"Mmekuja kuchukua nani?" akawauliza.

Mkubwa wao akasimama, akakaa, akasimama tena. "Tuliitwa," akasema. "Tuliambiwa uko mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa. Sasa niko na wageni." Akamgeukia binti yake. "Nishikie ule ingokho mwekundu, kuku wa wageni. Na uwape wajomba maji ya kunawa."

Makokha alitazama chini. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akamwambia mkewe amsaidie kuchinja. Patrisi aliingia nyuma ya nyumba, na nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye grisi, akatoka na alama nyeusi usoni ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulikula. Supu ilikosa chumvi, nikanywa vikombe viwili. Wale ndugu waliondoka jioni na begi lile lile, ila ndani yake sasa kulikuwa na unga. Nami nilirudi na baiskeli yangu ya breki moja, nikiteremka kwa kasi isiyomfaa muuguzi, nikipiga vigelegele peke yangu katikati ya miwa, na mkata miwa mmoja akavua kofia akidhani kuna harusi.

Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa tena. Jumatano ya kwanza nilikaa na trei yangu nikiwangoja wenye jasho na kichefuchefu. Ya pili pia. Ya tatu Bwana Osundwa alifunga daftari, akasema, "Hakuna hata mmoja," akatoka kwenda kununua soda mbili, naye alikuwa mgumu sana kununua soda. Perpetua aliendelea na dawa kwa muda ambao daktari alitaka, kisha akaiacha kwa ngazi, kidogo kidogo, miezi kadhaa, kwa mpango. Kuacha kwa mpango na kukosa ni vitu viwili, ingawa kwenye mkebe vinaonekana sawa.

Kuanzia hapo nilifanya kazi miaka mingi, hapo na kisha Lumakanda, kwa wakulima wa mahindi, ambako kitu kisichorukwa kilikuwa kukamua ng'ombe jioni. Vidonge vipya vilikuja, vingine ukichelewa kumeza kwa siku moja tu kichwa kinapiga shoti kama waya mbovu, nikajifunza upya. Mliponiandalia sherehe ya kuniaga, mliita wageni kutoka zamani bila kuniambia. Wakubwa walisema kuhusu uadilifu na maendeleo. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu vinavyobana. Kisha mwanamke mmoja mwenye mvi akasimama nyuma kabisa, bila kuitwa na mshereheshaji, na pembeni yake wakasimama watu wazima wanne, mmoja amebeba mtoto.

Hakueleza ugonjwa wala dawa. Alisema, "Hawa ni wangu. Nimewalea mimi mwenyewe," akaketi.